Geji Mbili za Turbini: Mwongozo wa Kufuatilia Presha ya Maji Tangu Yanapoingia Hadi Yanapotoka

Ingia katika nyumba ya mitambo ya kituo kidogo cha umeme wa maji, iwe Njombe, Mufindi au Mbinga, na aghalabu utakuta geji moja ya presha kwenye bomba kubwa kabla ya turbini. Msimamizi huitazama asubuhi na jioni, huandika daftarini, basi. Upande wa pili, pale maji yanapoiacha turbini, hakuna kitu. Au geji ipo, lakini kioo kimepasuka na mshale umelala kwenye sifuri tangu enzi za fundi aliyepita.

Hiyo geji ya pili ndiyo yenye habari nyingi zaidi. Mwongozo huu ni kwa msimamizi wa mtambo, fundi anayejifunza, na mjumbe wa kamati ya umeme ya kijiji anayetaka kujua kwa nini kilowati zimepungua ilhali mto umejaa. Hesabu zilizomo ni nyepesi. Kalamu, karatasi na kikokotoo cha simu vinatosha.

Kwanza, hakikisha turbini yako ni ya aina hii

Turbini za maji ziko za familia mbili. Katika familia ya kwanza, presha yote hugeuzwa kuwa mwendo kabla maji hayajagusa gurudumu: maji huchomoka kwenye pua na kupiga vikombe vilivyo hewani. Pelton ndiyo maarufu, na ndiyo iliyofungwa Kihansi, ambako maji hushuka zaidi ya mita 800. Ndani ya kasha la Pelton presha ni ile ile ya hewa tuivutayo. Kama yako ni hiyo, mwongozo huu haukuhusu.

Katika familia ya pili maji hujaza kila nafasi ndani ya mtambo, tangu bomba la kuingilia hadi mferejini, na presha huendelea kushuka wakati maji yakipita katikati ya mapanga ya gurudumu lenyewe. Humo wamo Francis na Kaplan. Francis ina jina la James Francis, mhandisi mzaliwa wa Uingereza aliyeiboresha akiwa Lowell, Marekani, mwaka 1848. Kidatu ina mashine 4 za aina hiyo zenye jumla ya megawati 204, na Bwawa la Julius Nyerere pale Rufiji lina 9, kila moja megawati 235. Kaplan, ya Viktor Kaplan wa Austria, hupendwa pale maji yanapokuwa mengi lakini poromoko ni fupi, kama Rusumo kwenye mpaka wa Tanzania na Rwanda, na Bujagali kule Uganda. Pampu ya kawaida iliyogeuzwa ifanye kazi kinyumenyume, jambo ambalo vijiji vingi huliona nafuu, nayo ni ya familia hii.

Njia ya haraka ya kutambua: fuata bomba la kutolea maji. Likizama moja kwa moja ndani ya maji ya mfereji bila kuachia nafasi ya hewa, uko mahali sahihi.

Kwa nini presha ishuke?

Nguvu iliyo ndani ya maji hukaa katika sura tatu: kimo, presha na mwendo. Zote tatu hupimwa kwa mita, na ndiyo maana mafundi wa maji hupenda mita kuliko kipimo kingine. Mita 10.2 za maji ni sawa na bari 1. Sura moja ikipungua, kuna mambo mawili tu yaliyowezekana: nyingine imeongezeka, au nguvu imetoka kwenye maji, ama kwenda kwenye shafti ama kupotea kwa msuguano. Shika hilo, na safari yote iliyo hapa chini itaeleweka.

Tuchukue kituo cha mfano katika nyanda za juu, mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Uso wa maji kwenye tangi la juu uko mita 32 juu ya shafti. Shafti iko mita 3 juu ya maji ya mfereji wa kutokea. Maji yanayopita ni lita 400 kwa sekunde, na umeme unaopatikana ni kama kilowati 100. Turbini ni Francis ndogo ya shafti ya kulala.

1. Mapanga ya kuongozea, yale yanayoelekeza maji kwenye gurudumu, yamefungwa, bomba limejaa. Maji yamesimama, kwa hiyo kimo chote kimekuwa presha. Geji ya juu inasoma mita 32, yaani bari 3.14.

2. Mapanga yamefunguliwa, mtambo uko kazini. Msuguano ndani ya bomba umekula mita 2. Nusu mita nyingine imegeuka mwendo, kwa kuwa sasa maji yanakwenda kama mita 3 kwa sekunde. Geji ya juu inashuka hadi mita 29.5, bari 2.9. Wageni hudhani kuna hitilafu. Hakuna.

3. Ndani ya kasha. Kasha hujikunja kama gamba la konokono na kuzidi kuwa jembamba kadiri linavyozunguka. Maji hupungua njiani kwa kuwa sehemu yake inaingia ndani kila hatua, na wembamba huo huweka presha karibu sawa pande zote. Lingekuwa na upana mmoja, upande mmoja ungesukuma shafti kuliko mwingine, na beringi zingelipia.

4. Katikati ya mapanga ya kuongozea. Njia inabanwa, maji yanakimbia hadi karibu mita 16 kwa sekunde, na presha inaanguka hadi mita 16 hivi, bari 1.6. Hapa bado hakuna kazi iliyofanyika. Presha imebadilishwa sura tu.

5. Ndani ya rana, yaani gurudumu lenye mapanga yanayozunguka. Hapa ndipo kazi ilipo. Maji yanapinda, yanapunguza mzunguko wake, na presha inaendelea kuanguka kutoka bari 1.6 hadi chini ya sifuri ya geji, yaani chini ya presha ya hewa. Upande mmoja wa kila panga una presha kubwa kuliko upande wa pili, na tofauti hiyo, ikijumlishwa kwenye mapanga yote, ndiyo inayozungusha shafti.

6. Mwanzo wa bomba la drafti, yaani lile bomba la kutolea maji, chini tu ya rana. Presha ni mita 3.6 chini ya sifuri, yaani bari −0.35. Maji hapa yanakwenda kama mita 4 kwa sekunde.

7. Mwisho wa bomba la drafti. Bomba limetanuka polepole, mwendo umeshuka hadi mita 1.4 kwa sekunde, na presha imepanda tena ikalingana na maji ya mfereji.

Rudia namba 6 na 7. Kati ya rana na mfereji, presha hupanda huku maji yakiendelea mbele. Wanaoanza hulikataa jambo hili: wanajua maji hutoka kwenye presha kubwa kwenda ndogo, sasa yanakwendaje kinyume? Yanakwenda kwa kutumia mwendo yaliyo nao na kimo cha mita 3 yanachoshuka. Maji yanayoteremka ndani ya bomba lililozibwa hewa huvuta yaliyo juu yake, na mvuto huo ndio geji ya chini inaouonyesha kama namba ya chini ya sifuri.

Je, mvuto huo una thamani gani? Zidisha: mita 3.6 mara mita za ujazo 0.4 kwa sekunde mara 9.81 mara ufanisi wa asilimia 80. Unapata karibu kilowati 11. Katika kituo cha kilowati 100, hiyo ni mota ya mashine ya kusaga. Ukiondoa bomba la drafti na kuacha maji yamwagike hewani, umeizima mashine hiyo, na geji ya juu haitakuambia lolote la maana.

Kufunga geji zote mbili

Vifaa: geji ya juu yenye kipimo cha 0 hadi bari 6 kwa kituo kama cha mfano (usomaji wa kawaida uangukie karibu na katikati), geji ya chini ya pande mbili, kuanzia bari −1 hadi angalau +1.5, kwa sababu wakati wa mafuriko au mtambo ukiwa umesimama presha pale inaweza kuwa juu ya sifuri. Zote ziwe za kujazwa gliserini ili mshale usitetemeke ovyo. Ongeza koki moja kwa geji ya juu na koki ya njia tatu kwa ya chini.

1. Simamisha mtambo, funga vali kuu, ondoa maji. Usitoboe bomba lenye presha hata kama umeona mwingine akifanya.

2. Chagua mahali palipo wima au paliponyooka, mbali na kona na maungio. Toboa ubavuni. Juu ya bomba hukusanyika hewa, chini hukusanyika mchanga. Vyote viwili vitakudanganya.

3. Tundu liwe dogo, milimita 3 hadi 6, lililo wima kabisa kwa ukuta wa bomba. Kisha ingiza mkono ndani, au kijiti chenye msasa, ulainishe ukingo wa tundu. Kipande cha chuma kilichochomoza milimita moja tu mbele ya tundu, kule maji yanakoelekea, huzuia maji na kuifanya geji isome zaidi ya ilivyo. Kikichomoza nyuma yake, itasoma pungufu. Kazi hii ya dakika chache ndiyo mafundi wengi huiruka, halafu hulaumu geji.

4. Geji ya chini ifungwe kwenye kipande cha kwanza cha bomba la drafti, karibu na rana kadiri inavyowezekana. Ukiifunga karibu na mfereji itasoma karibu na sifuri daima, kwa sababu presha imeshapanda tena.

5. Pima urefu kutoka katikati ya geji ya juu hadi usawa wa shafti, uandike kwenye kibati. Kila sentimita 10 ni bari 0.01. Geji ikiwa juu ya shafti, ongeza. Ikiwa chini, toa.

6. Kwa geji ya chini, tumia koki ya njia tatu kuruhusu hewa kidogo iingie kwenye mrija kabla ya kusoma. Mvuto utayafagia maji yote yaliyobaki mrijani. Funga mlango wa hewa, subiri mshale utulie, soma. Mrija uliojaa hewa tupu hauhitaji kusahihishwa kwa urefu. Mrija wenye maji nusu na hewa nusu hauna maana yoyote.

7. Jaribu geji ya juu bila gharama. Fungua vali kuu huku mapanga ya kuongozea yakiwa yamefungwa, kisha linganisha usomaji na kimo cha tangi ukigawa kwa 10.2. Kwa mita 32 lazima upate bari 3.1. Ukipata 2.8, usiilaumu turbini, badilisha geji. (Kama mapanga yanavuja sana hata yakiwa yamefungwa, usomaji utashuka kidogo, nayo ni habari ya kuandika.)

8. Chora mistari ya rangi kwenye ukuta wa mfereji wa kutokea, kila sentimita 10. Bila mistari hiyo geji ya chini haina tafsiri. Masika maji ya mfereji yakipanda mita 1, mvuto unapungua karibu bari 0.1, na si kosa la mtu.

Mipaka ya mvuto: kwa nini huwezi kuinua turbini utakavyo

Kama mvuto ni mali, mbona tusiiweke turbini mita 8 juu ya mfereji? Kwa sababu hakuna kinachovuta maji kwa hakika. Hewa ya nje ndiyo inayoyasukuma, na hewa ina kikomo. Pwani inasukuma mita 10.3 za maji. Kadiri unavyopanda inapungua karibu mita 1 kwa kila mita 900. Kwenye kituo chetu cha mita 1,800 zimebaki 8.3 tu.

Presha ikishuka mno, maji huchemka yakiwa baridi. Kwa nyuzi 20 za joto huanza kugeuka mvuke presha kamili inapofika mita 0.24 za maji. Sehemu ya kwanza kufika huko ni mgongo wa mapanga ya rana karibu na ukingo wa kutokea, ambako presha ni ndogo kuliko ile inayosomwa na geji yako. Vipovu vya mvuke huzaliwa pale, hubebwa hadi palipo na presha zaidi, kisha hupasuka kwa kujibana ghafla. Kila kimoja hugonga nukta ndogo sana ya chuma, lakini ni maelfu kila sekunde, mwaka mzima. Hiyo ndiyo kavitesheni. Ukifungua rana iliyoliwa nayo utaona vishimo vilivyosongamana, chuma kimekuwa na sura ya sponji, hasa upande wa nyuma wa panga. Kutu ya kawaida husambaa. Hii hukaa mahali pamoja kwenye kila panga, panga kwa panga.

Mhandisi Mjerumani Dieter Thoma alituachia kanuni ambayo hadi leo hutumika viwandani:

Urefu wa juu kabisa wa rana kutoka maji ya mfereji = presha ya hewa − presha ya mvuke − (namba ya Thoma × kimo cha mtambo)

Namba ya Thoma hutolewa na mtengenezaji wa turbini. Idai kabla ya kulipa. Tuseme ni 0.08 na kimo ni mita 33 (32 jumlisha 3, toa 2 za msuguano):

- Nyanda za juu: 8.3 − 0.25 − 2.6 = mita 5.4
- Pwani, maji ya joto: 10.3 − 0.4 − 2.6 = mita 7.3

Toa mita 1 ya usalama kila upande. Kituo chetu kimekaa mita 3 juu ya mfereji, kwa hiyo kiko salama. Lakini angalia kinachotokea kamati inaponunua mtambo uliotumika, uliokuwa ukifanya kazi bila shida karibu na bahari ukiwa mita 6 juu ya mfereji wake, na kuufunga milimani kwa urefu ule ule. Kule ulikuwa ndani ya kikomo. Huku umekipita, na rana itaanza kuliwa kuanzia siku ya kwanza. Mitambo mikubwa mingi hufungwa chini kabisa ya usawa wa maji ya kutokea, ili presha chini ya rana isishuke kupita kiasi. Gharama ya kuchimba ni kubwa, lakini rana ya kubadilisha ni ghali zaidi.

Kusoma dalili

Soma geji zote mbili kwa pamoja, mapanga ya kuongozea yakiwa kwenye alama ile ile kila siku. Usomaji wa geji moja peke yake ni nusu ya habari.

Geji ya juu imeshuka, umeme umeshuka. Wavu wa takataka umeziba, au maji ya tangi yamepungua, au hewa imeingia bombani. Anzia kwenye wavu.

Geji ya juu imepanda, umeme umeshuka. Hii huwachanganya wengi. Presha imeongezeka, iweje umeme upungue? Majani, vijiti au mfuko wa plastiki umekwama kwenye mapanga ya kuongozea au ndani ya rana. Maji yanayopita ni machache, kwa hiyo msuguano wa bombani umepungua, kwa hiyo presha mlangoni imepanda. Simamisha, ondoa maji, fungua mlango wa ukaguzi.

Geji ya chini imesogea kuelekea sifuri, mfereji haujapanda. Hewa inaingia. Kutoka −0.35 hadi −0.20 umepoteza mita 1.5 za kimo, karibu kilowati 5. Tafuta kwenye sili ya shafti, kwenye flanji za bomba la drafti, na kwenye mlango wa ukaguzi. Washa udi au ubani, upitishe moshi taratibu kandokando ya maungio, mbali na shafti inayozunguka. Pale moshi unapovutwa ndani ndipo penye tundu. Povu la sabuni nalo hufaa, ila hapa halitoi vipovu kama kwenye gesi. Hutoweka kwa kunyonywa. Tena angalia mdomo wa bomba la drafti: kiangazi kikali kikishusha maji ya mfereji hadi mdomo uonekane, mvuto wote umekatika. Jenga kizingiti kidogo mferejini kuyainua maji.

Geji ya chini imezidi kushuka, mfano −0.5. Maji ya mfereji yamepungua, au unapitisha maji mengi kuliko mtambo ulivyosanifiwa. Punguza mzigo kabla hujasikia sauti ya kokoto.

Sauti ya kokoto. Inasikika kama mchanga mkubwa unapita kwenye bomba ingawa maji ni safi. Ni kavitesheni. Andika alama ya mapanga na mzigo ulipoisikia, uhame kutoka hapo.

Mshale wa geji ya chini unayumba kwa mdundo. Hutokea zaidi mzigo ukiwa nusu hivi. Maji yanatoka kwenye rana yakiwa bado yanazunguka, yanajisokota katikati ya bomba la drafti, na msokoto huo huzunguka kwa kasi ya robo hadi theluthi ya kasi ya rana. Kwa mtambo wa mizunguko 1,000 kwa dakika, utahesabu midundo kama minne au mitano kila sekunde, na unaweza kuihisi sakafuni. Ongeza au punguza mzigo upite eneo hilo. Baadhi ya mitambo ina vali ndogo inayoingiza hewa katikati ya rana kwa makusudi ili kuulainisha msokoto huu; usiizibe ukidhani ni mahali panapovuja.

Makosa yanayojirudia

Kufupisha bomba la drafti ili "maji yatoke haraka". Yatatoka haraka kweli, na yataondoka na nguvu yako. Mwendo wa maji yanayotoka ni umeme ambao hukuupata.

Kubadilisha koni iliyochakaa kwa bomba la upana mmoja kwa kuwa ndilo lililokuwepo dukani, au kinyume chake, kuchomelea koni inayotanuka ghafla. Kuta zikitanuka zaidi ya nyuzi chache kutoka mstari wa katikati, maji huachana na ukuta, huzunguka ovyo, na presha haipandi tena kama inavyotakiwa.

Kuandika presha bila kuandika alama ya mapanga, mzigo na usawa wa mfereji. Daftari la namna hiyo halimsaidii mtu hata likijaa.

Kuziba bomba dogo linalotoa maji nyuma ya rana kwa kuwa "linapoteza maji". Maji hupenya kwenye mwanya wa sili za rana na kuingia kati yake na mfuniko. Bomba hilo ndilo linalopunguza presha mahali pale. Ukiliziba, rana husukumwa kuelekea upande mmoja, na beringi ya kubeba msukumo huanza kupata moto.

Tahadhari

Usifunge ghafla. Katika bomba la chuma, kila mita 1 kwa sekunde ya mwendo unaozimwa mara moja huongeza takribani bari 10. Bomba letu lina mita 3 kwa sekunde. Bomba la bari 3 linaweza kupigwa na bari 30 juu yake. Muda wa kufunga uliowekwa kwenye gavana, kifaa kinachodhibiti mwendo wa mtambo, una sababu. Usiupunguze ili kuzuia mtambo kukimbia umeme unapokatika. Tafuta dawa nyingine pamoja na mtengenezaji. Kufunga ghafla huumiza upande wa chini pia: maji ya drafti huendelea kwenda, huacha nafasi tupu chini ya rana, kisha hurudi kwa kishindo.

Usiondoe maji kwenye bomba kuu huku tundu la hewa la juu likiwa limeziba. Bomba la chuma chembamba lililosanifiwa kustahimili presha ya ndani hukunjwa na hewa ya nje ndani ya dakika.

Usifungue mlango wa bomba la drafti mtambo ukizunguka. Mvuto huchukua kitambaa, glavu, na mkono uliomo ndani yake.

Boliti za mfuniko wa turbini zikaguliwe. Tarehe 17 Agosti 2009, katika kituo cha Sayano-Shushenskaya, Siberia, mfuniko wa mtambo namba 2 uling'olewa na presha ya maji. Kimo cha pale ni kama mita 200. Maji yalifurika nyumba ya mitambo na watu 75 walikufa. Mtambo ulikuwa umetetemeka kwa muda na kupitishwa mara kwa mara kwenye maeneo ya mzigo uliokatazwa. Katika boliti 49 zilizochunguzwa, 41 zilikuwa na nyufa za uchovu wa chuma. Kituo chako ni kidogo, lakini mfuniko wa nusu mita kwa upana ukiwa na bari 2 chini yake unasukumwa kwa uzito wa karibu tani 4. Gonga kila boliti kwa nyundo ndogo kila unaposimamisha mtambo kwa matengenezo. Yenye sauti butu itolewe ikaguliwe.

Orodha ya kila siku

☐ Alama ya mapanga ya kuongozea
☐ Kilowati
☐ Usawa wa maji ya tangi la juu
☐ Geji ya juu, bari
☐ Geji ya chini, bari, baada ya kusafisha mrija
☐ Usawa wa maji ya mfereji
☐ Joto la beringi
☐ Sauti au mtetemo: ndiyo au hapana, na kwa mzigo gani

Wiki ya kwanza mtambo ukiwa mzima, jaza orodha hii kwa kila alama ya mapanga, kuanzia robo hadi wazi kabisa, ubandike jedwali ukutani. Huo ndio utakuwa mzani wako. Namba za kituo cha jirani hazikufai, kwa kuwa kimo chake, mwinuko wake na bomba lake si vyako.

Na kama kamati ina fedha ya geji moja tu mwezi huu, nunua ya chini. Presha ya juu unaweza kuikadiria kwa kupima kimo cha tangi na kutoa msuguano. Ya chini haikadiriki, lazima isomwe.